Begi la Kamera ni Tangazo, na Unalilipia Mwenyewe

Haya wasomaji wangu, leo naomba tuweke kando habari za seva na hifadhidata. Kuna jambo limenikwama kooni, na nisipolitema litanisumbua mpaka Krismasi.

Haupiti mwezi kabla mtu hajaniuliza: "Laptopu ninayo, kamera nimenunua, sasa ninunue begi gani la mgongoni la kubebea vyote viwili?" (Laptopu, naam. Wenzangu waliosoma Kiswahili kwa bidii kunipita huiita kipakatalishi, na sina ugomvi nao, ila sijawahi kumsikia muuzaji wa Luthuli Avenue akininong'oneza kwamba ana vipakatalishi vya bei nafuu.) Tatizo ni kwamba muulizaji huwa amekwisha kujijibu. Ametazama video kumi za vijana wa Marekani wakifungua na kufunga zipu, na moyo wake umeshatua kwenye begi moja jeusi, gumu kama sanduku la bati la shule ya bweni, jina la kampuni limeandikwa kwa herufi nyeupe, mikanda ya kubebea tripodi inaning'inia ubavuni, na bei yake ingemnunulia lenzi ya mkono wa pili. Hataki ushauri. Anataka baraka.

Basi simpi. Nasema hapa wazi ili nisiulizwe tena: kwa mtu anayeishi Nairobi, anayepanda matatu, na anayebeba kamera pamoja na laptopu kwa ajili ya kazi, begi la kamera ni ununuzi mbaya. Chukua begi la kawaida, kama la mwanafunzi wa chuo, tia ndani yake kisanduku cha sponji cha kuwekea kamera, na pesa zinazobaki zifanyie jambo la maana.

Najua kuna mtu ameshakasirika. Akae, tuongee.

Jambo la kwanza ni sura. Begi la kamera linajulikana. Huhitaji kuwa mpiga picha ili ulijue: umbo lake la mraba, kuta ngumu, zile kamba na vifungo vya ziada, nembo. Mtu anayeshinda kutwa karibu na kituo cha matatu akitafuta riziki kwenye mizigo ya wenzake analijua vizuri kuliko wewe, maana ndiyo kazi yake. Ukipita naye mbele, umemwambia mambo mawili bila kufungua mdomo: kwamba umebeba vitu vya laki kadhaa, na kwamba vyote viko mahali pamoja, vimepangwa vizuri, na vina mpini wa kushikia juu.

Halafu kuna ukaguzi. Tangu shambulio la Westgate la Septemba 2013, kuingia jengo kubwa lolote mjini ni kufungua begi mlangoni. Fungua begi la kamera uone: mfuniko wote unalala chini, na kamera, lenzi na flashi vinaonekana vimejipanga kama keki kwenye kabati la kioo. Askari anaona, na watu kumi na watano walio nyuma yako kwenye foleni wanaona. Mimi nikifungua langu askari anaona sweta, anatia kijiti chake, anagusa kitu laini, "pita kaka". Vilevile kule Syokimau unapopanda treni ya Mombasa, mabegi yote yanapangwa chini kwa mstari mbwa wapite wakinusa, na wenye mabegi wanaambiwa wasogee pembeni. Kwenye ule mstari, langu ni moja katika mabegi hamsini ya vijana wanaorudi nyumbani. La jirani yangu mwenye nembo nyeupe linatazamwa na kila mtu isipokuwa mbwa.

Hapa wataalamu wenzangu wa kompyuta hunirukia. "Kujificha si usalama! Chuoni tulifundishwa hivyo!" Kweli tulifundishwa. Auguste Kerckhoffs aliandika mwaka 1883 kwamba mfumo wa maandishi ya siri unapaswa kubaki salama hata adui akijua kila kitu kuuhusu isipokuwa ufunguo. Kanuni nzuri sana, nami naifuata kazini. Lakini hebu tuulize ni kwa nini inafanya kazi kule. Anayeishambulia seva yako anaweza kujaribu milango elfu kumi kwa dakika, bila jasho, akiwa amelala kitandani upande wa pili wa dunia. Kwake hakuna gharama ya kujaribu, kwa hiyo kujificha hakukusaidii, atakufikia tu. Mwizi wa barabarani hana anasa hiyo. Jioni nzima anaweza kujaribu begi moja, labda mawili, na akikosea anaweza kupigwa na umati. Lazima achague. Na anachagua kwa macho. Kwa hiyo kutochaguliwa, kwa hali hii, ni ulinzi wa kweli kabisa. Kerckhoffs hakuwa akingoja gari pale Tea Room.

Na tafadhali msiniambie habari za kufuli kwenye zipu. Zipu nyingi za mabegi ni za koili, yaani meno yake ni uzi wa plastiki uliozungushwa. Ncha ya kalamu ya biro inatosha kuyapenya katikati, begi linafunguka, na ukivuta vile vitelezi viwili, vikiwa vimefungwa kwa kufuli lako hilohilo, kutoka upande mmoja hadi mwingine, zipu inajifunga tena kana kwamba hakuna kilichotokea. Kufuli dogo linamzuia mtu mwaminifu tu, naye hakuwa na haja ya kuzuiwa.

Sasa ule mlango wa pembeni unaosifiwa sana, wa kuchomoa kamera haraka bila kuvua begi. Mlango wa haraka ni wa haraka kwa kila mtu. Ni sawa na kuacha seva bila nywila ili mwenyewe asipate taabu ya kuandika. Ukiwa umesimama ndani ya matatu ya watu thelathini na tatu, umeshika chuma cha juu kwa mkono wa kulia, mlango wa ubavu wa kushoto ni wa nani?

Jambo la pili ndilo linaloniuma zaidi. Jamaa mmoja ninayemfahamu hupiga picha za harusi na ruracio. Jumamosi moja alitoka kazini Thika jioni, akashuka mjini ili aunganishe gari la kwenda kwake, na kabla hajafika kituo cha pili begi lilikuwa limekwenda. Lilikuwa begi zuri, la bei, lenye mahali pa kila kitu. Na yeye alikuwa mtu wa mpangilio, alilitumia kama lilivyokusudiwa: kamera mbili, lenzi, laptopu ambayo alikuwa ameshanakili picha zote ndani yake akiwa hukohuko ukumbini, na kadi zenyewe zikiwa ndani ya kimfuko maalumu kilichoshonewa kwenye mfuniko ili kadi zisipotee. Nakala ya kwanza, nakala ya pili, na mashine iliyozitengeneza, vyote mgongoni mwa mtu mmoja.

Kamera alinunua tena baada ya mwaka na mikopo miwili. Picha za harusi ya watu hazina duka. Alirudisha pesa, akaenda nyumbani kwao kuomba radhi, na bibi harusi, dada mpole kabisa, alimuuliza swali moja tu: je, ile picha ya babu alipokuwa akicheza nayo imepotea? Mzee alikuwa ameshafariki wakati huo.

Sisi watu wa programu huogopa sana mfumo ambao sehemu moja ikianguka kila kitu kinaanguka nayo. Tunalipa pesa kuweka nakala ya data mji mwingine, nchi nyingine. Kisha mtu huyohuyo anayemhubiria bosi wake hayo ananunua begi ambalo sifa yake kubwa, iliyoandikwa kwenye lebo, ni kwamba unaweza kubeba studio yako yote ndani yake. Hiyo si sifa hata kidogo. Kadi ziende mfuko wa mbele wa suruali, ndani ya kikasha kidogo cha plastiki. Ukitoka kazini na mwenzako, diski ya nakala aende nayo yeye. Mkiachana, picha zinakwenda njia mbili.

Tuje kwenye uzito, maana hapo hesabu haina siasa. Chukua mpiga picha wa kawaida wa hapa, mwenye vifaa vya mkono wa pili vya Canon ambavyo bado ni vizuri sana. Mwili wa 5D Mark III pamoja na betri ni gramu 950. Lenzi ya 24-70 f/2.8 toleo la pili, gramu 805. Ile nyeupe ya 70-200 f/2.8 toleo la pili lenye kizuia mtikisiko, gramu 1,490. Milimita 50 ya f/1.8, gramu 160. Jumla gramu 3,405. Ongeza laptopu kama ThinkPad T480, kilo 1.6 hivi. Umefika kilo tano kabla ya chaja, flashi, betri na chupa ya maji.

Sasa begi lenyewe. Lowepro ProTactic 450 AW II, ambalo vijana wengi hapa huliota usiku, lina uzito wa zaidi ya kilo mbili na nusu likiwa tupu. Tupu! Yaani kabla hujatia kitu, umebeba nusu ya uzito wa vifaa vyako kwa umbo la sponji na plastiki ngumu. Sisemi ni begi baya. Limeshonwa vizuri mno. Nasema limetengenezewa mtu anayelitoa kwenye buti la gari na kutembea nalo mita mia tatu. Begi langu la kawaida pamoja na kisanduku chake nimelipima kwenye mizani ya mama mboga wa mtaani, halifiki kilo moja na nusu. Mama alicheka sana. Na kwa wale wanaobahatika kupata kazi Maasai Mara: ndege ndogo zinazoruka kutoka Wilson kwa kawaida zinaruhusu kilo 15 tu kwa mtu, mzigo wa mkononi ukihesabiwa humohumo, tena wanataka mabegi laini. Piga hesabu mwenyewe ni nguo ngapi utaacha nyumbani kwa ajili ya kuta ngumu.

Tena uzito si namba tu, ni mahali ulipo. Kilo tatu zilizo sentimita 20 kutoka mgongoni zinakuvuta nyuma mara mbili ya kilo tatu zilizo sentimita 10. Mabegi mengi ya kamera yanaweka laptopu nyembamba kwenye mgongo na kusukuma lenzi nzito nje kabisa, kwa sababu ndivyo yanavyopendeza yakifunguliwa mezani. Mkanda wa kiunoni ungesaidia, lakini umewahi kumwona nani amefunga mkanda wa kiunoni ndani ya matatu? Ukiketi begi linakuja mapajani, au katikati ya magoti, na hapo begi gumu ni adhabu yako na ya jirani yako. Begi laini linakubali kubanwa. Kwenye bodaboda unalivaa kifuani, na la kuta ngumu linamsukuma dereva wa watu mpaka kwenye tangi.

Kuna kitu kingine ambacho wauzaji hawakwambii, na kinanifurahisha sana. Mabegi ya kamera yaliyoheshimiwa kuliko yote hayakuanza kama masanduku haya. Kampuni ya Billingham ya Uingereza ilianza mwaka 1973 ikitengeneza mabegi ya wavuvi wa samaki. Mwishoni mwa miaka ya 1970 waligundua kwamba mengi yaliyokuwa yakipelekwa New York yalikuwa yakinunuliwa na wapiga picha, nao wavuvi hawana habari. Na Jim Domke, mpiga picha wa gazeti la Philadelphia Inquirer, katika miaka hiyohiyo ya 1970 alichoka na masanduku magumu ya wakati wake, akabuni begi la turubai, laini, lenye vigawanyo ndani, basi. Wapiga picha wa magazeti wakalipapia. Kwa hiyo wale watu waliokuwa wakipiga picha kila siku mvua na jua, walipopewa uhuru wa kuchagua walichagua begi laini lisilofanana na kamera. Sanduku gumu walilikimbia. Sisi tunauziwa tena sanduku gumu, lenye mikanda miwili, na tunaambiwa hii ndiyo teknolojia.

Tukiongea habari za kuuziwa, acha niseme kuhusu namba. Sisi tuliosoma kompyuta tunakumbuka zama za megahezi, jinsi mtu alivyouziwa mashine kwa namba moja kubwa iliyobandikwa mbele na asijue kwamba haimwambii kasi. Mabegi yako kwenye zama hizo mpaka leo.

"Laptopu inchi 15.6." Inchi hizo ni za kiwambo, tena zinapimwa kwa mshazari, kona hadi kona. Kiwambo cha inchi 15.6 chenye uwiano wa 16 kwa 9 kina upana wa sentimita 34.5 na kimo cha sentimita 19.4. Kiwambo cha zamani cha inchi 15 chenye uwiano wa 4 kwa 3 kina upana wa sentimita 30.5 na kimo cha 22.9. Namba zinakaribiana, maumbo mawili tofauti kabisa, na bado hatujahesabu fremu na unene wa mashine. Mashine nyingi zinazoletwa hapa baada ya kutumiwa Ulaya zina fremu nene. Beba rula. Pima laptopu yako upana, kimo na unene, kisha pima mfuko wa ndani wa begi. Dakika mbili tu.

"1680D." Hiyo D ni denieri, yaani uzito kwa gramu wa uzi wenye urefu wa mita 9,000. Ni kipimo cha uzito wa uzi, si cha nguvu. Haikwambii uzi ni nailoni au poliesta, na tofauti ipo: nailoni nzuri hustahimili kukwaruzwa zaidi, poliesta hustahimili jua zaidi. Kwa jua letu mimi siichukii poliesta, ila nachukia kulipia bei ya nailoni halafu nipewe poliesta kwa sababu namba inafanana.

"Haliingizi maji." Lo! Hata zile zipu zinazong'aa zilizopakwa utando, watengenezaji wake wenyewe huziita za kuhimili maji kiasi, hawasemi hazipitishi. Na lile koti la mvua linalokuja na begi linafunika mbele tu. Mvua ya Aprili inakupiga kichwani, inatiririka mgongoni, inaingia kati ya mgongo wako na begi, kisha inajikusanya chini ndani ya koti lenyewe kama beseni. Kinga ya kweli huwekwa ndani, kwa kufunga kisanduku cha kamera na laptopu kila kimoja kivyake. Zamani ningesema chukua juala lolote la dukani, lakini mifuko hiyo ilipigwa marufuku Agosti 28, 2017, na sitaki kumwingiza mtu matatani kwa ajili ya lenzi. Mfuko wa kitambaa cha mwavuli, unaokunjwa mdomo mara tatu, unafanya kazi ileile, na fundi yeyote wa cherehani anaushona.

Wasomaji wa Mombasa, Lamu na Malindi, nyinyi mna jambo lenu la ziada. Ule utando wa poliyurethani uliopakwa ndani ya kitambaa huvunjwa polepole na joto na unyevu. Ndiyo maana begi zuri lililolala kabatini huko miaka kadhaa hukutwa linanata na kubanduka magamba. Na lenzi inayolala ndani ya sponji yenye unyevu huota kuvu. Wanaoacha vifaa ndani ya begi wiki nzima kwa sababu "ndiyo nyumba yake" wanafuga ukungu. Hapa tena kisanduku kinashinda: unakitoa, unakiacha wazi rafuni penye hewa, na begi unakwenda nalo sokoni.

Basi tununue nini? Kisanduku kwanza. Vinauzwa vilivyotengenezwa tayari, vya sponji vyenye vigawanyo vya velkro, na ukikosa unatengenezewa. Changu nilishonewa na mzee mmoja fundi wa mabegi pale Kariokor, kwa godoro jembamba la mazoezi lililokatwa na kufunikwa kitambaa cha koti kuukuu. "Kijana, hiki ni kitanda cha paka?" aliniuliza. Nilipomwonyesha kamera aliongeza tabaka la pili chini bila kuniomba senti. Pima kamera yako ikiwa na lenzi unayoitumia zaidi, kwa sababu hivyo ndivyo itakavyolala. Kisanduku kiwe na mfuniko wake wa kukaza kwa kamba, ili hata zipu ya nje ikifunguliwa na mtu asiyehusika, mkono wake ukutane na sweta, kisha kitambaa, kisha kamba, na wewe uwe umeshageuka.

Begi lenyewe, usiangalie nembo, angalia mambo machache. Tia mkono ndani ya mfuko wa laptopu mpaka mwisho kabisa, huku begi limesimama mezani. Vidole vikigusa meza kupitia kitambaa, liache hapohapo, maana siku utakapoliweka chini kwa nguvu, laptopu ndiyo itakayoipiga sakafu kwanza. Mfuko mzuri unaishia sentimita mbili au tatu juu ya sakafu ya begi. Kipimo hiki kimoja kimewaangusha watengenezaji wengi wenye majina makubwa, na muuzaji ukimwonyesha anakutazama kama umemtukana. Zipu kuu iwe namba 8 au 10. Namba hiyo hukaribia upana wa meno kwa milimita. Namba 5 iachie mfuko wa kalamu. Mshono wa mahali mkanda wa begani unaposhikana na begi uwe umerudiwarudiwa, au mpelekee fundi wa viatu akauongeze kabla hujatia kitu. Rangi, chagua ya kuchosha macho. Gikomba na Toi utapata mabegi ya namna hii, ya mitumba, yaliyoshonwa vizuri kuliko mapya mengi ya madukani, na yakiwa yamechakaa kidogo ndiyo bora zaidi kwa kazi hii.

Ukipakia, sweta chini, kisanduku juu yake, laptopu mgongoni. Sweta linainua uzito ukae karibu na katikati ya mgongo badala ya kuning'inia kwenye makalio, na linapokea kishindo. Betri za akiba zikae ndani ya kisanduku pia. Betri za lithiamu za akiba haziruhusiwi kwenye mizigo inayoingia tumboni mwa ndege, kwa hiyo siku mhudumu akikwambia begi lako ni kubwa litashuka chini, unachomoa kisanduku na laptopu, unampa begi lenye sweta, unapanda. Mwenye begi la kamera anaanza kutoa lenzi moja moja mbele ya abiria wote.

Wanaoandika programu watakuwa wameshaona ninakotoka. Doug McIlroy wa Bell Labs, ambaye wazo lake la kuunganisha programu ndogo kwa mabomba liliingia Unix mwaka 1973, alihimiza kila programu ifanye jambo moja na ilifanye vizuri. Kisanduku kinalinda. Begi linabeba. Kamera ikibadilika unabadilisha kisanduku. Na zinabadilika: Canon na Nikon zote mbili zilileta mifumo yao mikubwa isiyo na kioo mwaka 2018, miili ikapungua, na waliokuwa na masanduku ya vipimo vya zamani wakabaki na matundu. Laptopu ikibadilika, au begi likichanika, unabadilisha kimoja tu.

Nani basi anunue begi la kamera? Anayepanda Mlima Kenya na vifaa, awe na mkanda wa kiunoni wa kweli na mgongo wenye fremu. Anayepiga picha za wanyama kwa lenzi ya milimita 600, ambayo haiingii kwenye kisanduku cha paka. Hao wana sababu, na wa pili aghalabu ana gari pia. Wengine mnaoniambia kwamba kisanduku kinachelewesha, ni kweli, nakubali. Kamera yangu inatoka baada ya sekunde kumi hivi, yako inatoka baada ya tatu. Ukifika kazini itoe uivae shingoni, kamera ikiwa begini haipigi picha ya mtu yeyote.

Na wale wa hoja ya mwisho, kwamba mteja akikuona na begi la mwanafunzi hatakuheshimu: nimepiga picha harusi kadhaa sasa, na begi langu hukaa chini ya meza ya wapishi likiwa limefunikwa na leso ya mtu. Sijawahi kuulizwa limetengenezwa wapi. Nimeulizwa picha zitakuwa tayari lini, na hilo nalo lina makala yake, maana bado sijamaliza za Agosti.